Hironimus Luambano, Baba wa Aidan

Kazi hii ya kuandika wasifu wa marehemu ni ya watoto kuwaandikia wazee. Leo mnanipa kalamu mimi, niliyeishia darasa la tatu, nimwandikie niliyemzaa. Lakini karatasi aliyoandika dada yake Pamela nimeirudisha mwenyewe, maana ilisema marehemu hakuacha mtoto.

Hironimus alizaliwa Maposeni tarehe 30 Septemba 1987, siku ya mtakatifu wake, kwa hiyo jina halikunisumbua. Alimaliza la saba hapo hapo mwaka 2001, akajifunza uashi. Amejenga nyumba za watu Ruhuwiko. Yake iliishia msingi. Ndoa hakufunga.

Sasa, mimi nashona magunia yangu ya mahindi kwa uzi mwekundu ili niyajue. Kila mavuno, magunia yalipungua. Nikimuuliza marehemu, anasema, "Panya, mama." Panya gani anakula na gunia lake? Mwaka 2022 nikapita Mjimwema, nikaliona gunia langu mlangoni kwa Hilda, muuza vitumbua.

"Wewe, hilo umelitoa wapi?"

"Shikamoo mama. Analeta baba Aidan. Tulikubaliana pale ustawi wa jamii: hana mshahara, basi atoe mahindi ya mtoto."

Akachungulia mtoto mwenye masikio ya Hironimus.

"Yanatosha?"

"Kula, ndiyo. Sare na madaftari ni vitumbua. Visiponunuliwa, anabaki nyumbani."

Jioni nikamuuliza marehemu kwa nini alinificha.

"Hilda aliogopa ungemchukua mtoto."

"Ningemchukua, ndiyo."

"Basi jibu unalo, mama."

Aliugua ini tangu Oktoba 2024. Miguu imevimba, bado alipanda kwanza mahindi kwenye ekari yake ya Maposeni ndipo akakubali hospitali. Alifariki alfajiri ya tarehe 22 Januari 2025.

Ameacha mama yake, dada yake Pamela, na mtoto mmoja, Aidan, wa miaka tisa. Yule pale kando ya mama yake, Hilda. Simchukui. Mpisheni aje atupie udongo.

Na ninyi baba wadogo wa Hironimus, nimewasikia jana mkiligawa shamba lake. Lile ni chakula cha Aidan. Hironimus apumzike kwa amani ya Mungu, shamba lisipumzike. Mahindi yamefika magotini, na magugu hivyo hivyo. Kesho kutwa asubuhi, kila aliyekula ugali wa msiba huu aje shambani Maposeni na jembe lake.