Kwandu Shigela, Aliyebatizwa Mara Mbili Akasoma Mara Moja

Viongozi wa dini, mwenyekiti wa mtaa, walimu, majirani na nyote mliokanyaga vumbi la Bariadi kuja kumsindikiza ndugu yetu, tumeona mnavyonong'ona kwa kuwa padri na mchungaji wamekaa benchi moja, tulieni, sababu itasomwa.

Mwalimu Kwandu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Bukundi, Meatu, mtoto wa pili wa mzee Shigela, mfugaji aliyeheshimu mizimu yake na hakugombana na ya watu. Wa kwanza ni dada yake Kabula, aliyebakizwa nyumbani na ng'ombe, maana mzee aliuliza, wote wakienda shule maziwa yatajikamua yenyewe?

Mwaka 1965 alipelekwa shule ya misheni ya Wakatoliki, wakasema ubatizo kwanza, akamwagiwa maji akaitwa Lucy. Mwaka 1969 akahamia kwa shangazi kule Nyalikungu, shule ya huko ni ya Waprotestanti, nao wakasema maji yale yalikuwa machache, wakamzamisha lamboni, akatoka anaitwa Flora, na ruba mguuni. Watu walimcheka baba yake, naye akawajibu, "Mtoto akiloa atakauka, asiposoma ndiyo basi."

Mwaka 1970 Serikali ilizichukua shule za misheni, mwalimu mkuu mpya akauliza aandikwe Lucy au Flora, yeye akajibu Kwandu, na kwa jina hilo akamaliza darasa la saba mwaka 1971.

Mwaka 1976, Serikali ilipotaka kila mtoto asome na walimu hawatoshi, alichukuliwa ualimu, na kuanzia 1994 hadi alipostaafu mwaka 2017 alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya Serikali hapa mjini. Kipindi cha dini kila dhehebu lilifundisha watoto wake, wasio na dini wakaenda shamba la shule, kwa hiyo wakati wa palizi shule nzima iliokoka, na karanga zilipokomaa wengi wakarudi kwa mizimu. Katekista na mwinjilisti walizidishiana muda, lakini Mwalimu aligonga kengele yake, rimu ya lori, hata mtu awe katikati ya sala. Makanisa yalipofungua tena shule zao yote mawili yalimtaka, akakataa, akisema ameloweshwa vya kutosha.

Tarehe 9 Juni 1979 aliolewa na Novatus Mboje, mpima pamba, Mkatoliki, na padri alipoomba cheti cha ubatizo, bibi harusi alitoa viwili. Walijaliwa Masalu, mwaka 1980, aliyefuata lambo, na Jenifer, mwaka 1983, aliyebaki kwa baba yake. Novatus alitangulia mwaka 2011.

Alianza kuugua kisukari mwaka 2018, Aprili mwaka huu akalazwa, na watoto hao, mama yao akiwa bado anapumua, wakagombea nani azike, wakafikia kutosalimiana wodini huku uji wa mgonjwa unapoa. Akawaita wote wawili.

"Nilizaa watoto, sikuzaa madhehebu. Padri aanze, mchungaji amalizie, kila mtu kipindi kimoja, kengele apige dada."

Wakacheka, wakamlisha uji pamoja, na Jumanne tarehe 6 Mei 2025 akafariki akiwa na miaka 68, mkono mmoja kwa Masalu, mwingine kwa Jenifer.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika, walimu mliochimba kaburi na tai shingoni.

Padri, mchungaji, karibuni. Rimu imetundikwa pale, nondo anayo Kabula, ambaye hajui kusoma saa, ila anajua kuchoka.

Ng'wana Shigela, umekauka sasa, pumzika kwa amani.