Kilo Nilizomnyang'anya Mwanangu

Mama zangu, dada zangu, na ninyi kina baba mliojibanza karibu na mlango wa kanisa kana kwamba habari za maziwa haziwahusu: nimesimama. Juma lililopita mwenzetu alisimama hapa akatuambia jinsi homa ilivyomwacha. Mimi sikuugua homa. Ushuhuda wangu ni wa mwili huu mnaouona. Ulikuwa mnene, nikaukondesha kwa ujinga hadi karibu nimpoteze mtoto. Kisha nikaupunguza kwa akili, na mtoto akanenepa. Sioni haya kusema hivyo. Ninajivuna, Bwana anisamehe, ninajivuna sana.

Wazee wa kambi yetu ya reli wanajua kwamba mtoto wangu wa kwanza tulimzika akiwa na miezi saba. Siku zile nilikuwa kama ufito, na maziwa yangu yalikuwa machache. Basi nilipojifungua wa pili, mama yangu mzazi alituma neno kutoka kwetu, kando ya mto Lualaba: nipelekwe kwake. Mume wangu akanipandisha treni, nikashuka Bukama na kichanga cha majuma mawili ndani ya kikwembe, kitenge changu.

Mama yangu hakuniachia jembe wala ndoo. Asubuhi samaki wa mafuta ya ngazi, mawese yetu. Mchana bukari, ugali wetu, na samaki. Jioni samaki tena, na bukari iliyobaki. Nikisema nimeshiba, anasukuma sahani. "Kula tena. Mara hii mutoto hatakosa maziwa." Nililishwa hivyo miezi mitatu na zaidi, nimekaa kwenye mkeka. Binti yangu alikuwa akinyonya na kusinzia, na mashavu yake yaling'aa kama ngozi ya nyanya baada ya mvua.

Niliporudi Kamina, nilishuka treni kwa shida. Magoti yalilia. Mume wangu, mnajua, kazi yake ni kupima mizigo kwenye magazini, ghala la stesheni, na siku zile mifuko ya simenti ya kujengea Base, ile kambi ya wanajeshi, ilikuwa imejaa hadi kwenye dari. Alikuja mbio kunipokea, na nyuma yake wenzake wote.

"Baba!" mmoja akapiga kelele. "Ile ni bibi yako, ao ni simenti ya Base?"

"Mupandishe ku kilo, tuone!"

Nanyi mnawajua wanaume wa treni. Kabla sijapata neno la kujibu, mtoto alikuwa mikononi mwa mmoja, na mimi nilikuwa nimesimamishwa juu ya mizani ya mizigo. Mume wangu mwenyewe akasukuma lile jiwe dogo la chuma kwenye fimbo yake, taratibu, kama anavyofanya kwa magunia.

"Makumi munane na ine!"

Wakashangilia kama wamefunga goli. Na mume wangu akacheka, akageuka huku na huku. "Munaona? Ndiyo bibi yangu ule!"

Mnacheka? Chekeni. Leo hata mimi ninacheka. Siku ile nilishuka pale nikiwa nimekufa kwa aibu. Kicheko cha wale wengine kilipita. Cha mume wangu nilikwenda nacho nyumbani, nikajiambia: kilo hizi nitazitoa zote.

Nikaanza. Nilijifunga tumbo kwa kitambaa, nikakaza mpaka pumzi ikawa fupi. Asubuhi nilikunywa maji ya moto na ndimu. Mchana nilipika kwa ajili ya mume wangu, nikaonja chumvi tu. Jioni nilikula majani mawili matatu ya muhogo, sombe, basi. Na ili majirani wasiulize, nilipaka bukari kwenye vidole, nikatoka kunawa nje, mbele ya watu, kama mtu aliyeshiba.

Kila Jumamosi nilimpelekea mume wangu chakula magazini. Alipokwenda kunawa mikono na wenzake kwenye bomba la nyuma, nilimlaza mtoto juu ya magunia, nikapanda kwenye mizani. Nilikuwa nimetazama mara moja tu jinsi lile jiwe linavyosukumwa, nikajua. Themanini na mbili. Sabini na tisa. Sabini na saba. Jumamosi ya nne: sabini na tano! Ndugu zangu, nawaambia, nilitoka mle ndani nikitembea kama bibi harusi. Niliona njia yote ya kambi ikinitazama.

Mtoto alilia njiani. Alilia usiku pia, lakini nani asiye na mtoto anayelia? Nilimpa ziwa, akavuta, akaliacha, akalia. Nikasema ni meno.

Siku mbili baadaye ilikuwa siku ya kupima watoto. Mnajua foleni ile, sote tumekaa na kadi zetu, watoto uchi. Munganga wa zahanati alimweka binti yangu kwenye kikapu cha mizani. Akatazama. Akamtoa, akahakikisha mizani iko sawa, akamrudisha.

"Mama, kilo tano na gramu mia kenda. Juma lililopita, sita na mia moja. Kabla yake, sita na mia tatu." Akaniangalia usoni. "Unakula?"

"Ninakula, munganga."

"Unakula?"

"Ninakula."

Nilidanganya mara mbili, mama zangu, na mtoto wangu akitetemeka kwenye kikapu.

Akaandika kwenye kadi, akasema polepole ili nisikie vizuri: "Juma ijayo, kama anashuka tena, tutamulalisha ku lupitalo, hospitali kubwa. Tutajaribu chupa. Lakini sikufiche, mama. Huyu hana nguvu ya kungoja."

Nilisimama pale nje, chini ya jua, na kadi mkononi. Sijui kusoma barua, ila namba ninazisoma. Nikaanza kuzikumbuka zangu na kuzitazama zake. Wiki ile mimi nilishuka, yeye alisimama. Wiki ile mimi nilishuka, yeye alishuka. Jumamosi ile nilipotoka magazini kama bibi harusi, mtoto alikuwa mgongoni akilia njaa. Kilo zile sikuwa nimezitupa peke yangu. Nilikuwa nimezichukua kwake. Na miezi yake ilikuwa mitano. Wa kwanza alikuwa na saba tulipochimba kaburi.

Sikufika nyumbani. Niliishia mbele ya mlango wa jirani yangu. Sitamtaja. Ni mwenzetu wa Kasai, mume wake ni dereva wa treni, na yumo humu ndani akijifanya anatafuta ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo. Nilikaa chini, kwenye vumbi, nikamwonyesha kadi.

Hakunihurumia. "Mwanetu, miye niko na macho," akasema. "Kila siku unapakala bukari ku vidole, unakuya kunawa inje, juu tukuone. Nilisema, ni mambo ya nyumba yake. Nilikosa. Leo minasema: mutoto iko anakunywa weye! Weye ukikauka, atakunywa nini? Kikwembe?"

"Nilitaka kupungua," nikasema.

"Nani anakukataza? Magoti yako inalia, naisikia toka kwangu. Pungua! Lakini pungua sawa vile treni ya mizigo inashuka ku Bukama. Pole, pole. Bwana yangu anasema, ikikimbia ku ule mulima, haifike na mizigo yake. Na weye mizigo yako iko ku mugongo, inalia. Fungula ile kitambaa. Ingia, ukule."

Nikafungua kitambaa. Pumzi iliingia hadi chini, nikalia. Akanipa uji wa mahindi wenye karanga zilizotwangwa, akasimama juu yangu kama polisi mpaka bakuli likaisha. Kisha akanipa maji. Kisha akaniambia nimweke mtoto kwenye ziwa, na akitoka huku nimhamishe kule, na asubuhi, na mchana, na kila anapotaka, nisingoje alie.

Jioni ile nilimwambia mume wangu kila kitu. Alikuwa anavua viatu. Alibaki na kiatu kimoja mkononi.

"Juu ya nini ulifanya vile?"

"Juu ulinicheka ku kilo. Mbele ya bantu."

Akakiweka chini.

"Miye sikukucheka," akasema. "Nilikuwa na furaha. Ule wa kwanza, nilikuwa naona unaisha, naye anaisha, sikuwa na kitu ya kufanya. Sasa unashuka treni na mwili, mutoto na mashavu... Nikasema, huyu ataishi. Nilitaka bantu yote baone."

Hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nimepigana na furaha ya mume wangu mwezi mzima, na silaha yangu ilikuwa njaa ya mtoto wake.

Yaliyofuata hayakuwa muujiza; ni kazi, na kazi ndiyo ninayojivunia. Nilikula mara tatu, na katikati nikipata njaa nilitafuna karanga. Maharage, mchicha wa lengalenga, samaki wadogo wa ndagala, bukari ya kadiri ya ngumi yangu. Mafuta ya ngazi nilipunguza, mikate ya kukaanga na chai ya sukari nikaaga. Na mtoto mgongoni nilikwenda shambani ng'ambo ya reli, kila siku ya kazi, mwendo wa nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, nikalima karanga zangu mwenyewe. Siku za kwanza nilipumzika mara tatu kabla ya kufika shambani. Nilikaa, nikanyonyesha, nikanywa maji, nikaendelea.

Siku ya kupima ilipofika, nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Munganga akamweka kikapuni. Sikuweza kutazama.

"Sita kamili."

Juma lililofuata: sita na mia mbili. Lililofuata tena, binti yangu alimkojolea munganga wakati anapimwa, na munganga akasema, "Aksanti, mama, sasa ninajua maji iko." Foleni nzima ikaangua kicheko.

Na mimi? Nilipungua, ndiyo. Polepole kiasi kwamba sikujua siku gani. Karanga zilipovunwa, nilipandisha kikapu changu kwenye tuta la reli bila kusimama hata mara moja, nikajikuta niko juu, magoti kimya. Wanaume wa magazini waliniona nikipita na kikapu kichwani, wakaanza: "Mama, kuya ku kilo, tuone!"

"Pimeni karanga," nikawaambia. "Miye ninajijua."

Basi, nimeshukuru. Munganga, uliyeniuliza mara mbili ingawa nilikudanganya mara mbili, wafwako, asante. Jirani yangu, funga hicho kitabu, tunakuona: uji wako umo ndani ya mifupa ya mtoto huyu, wafwako sana. Mama yangu aliyeko Lualaba alinilisha kwa hofu na kwa upendo, simlaumu hata kidogo. Mume wangu, nimekusamehe mizani, unisamehe kimya changu.

Na ninyi mnaonyonyesha, hasa ninyi wasichana mliojifunga matumbo chini ya nguo za Jumapili, msidhani siwaoni. Taka kupungua, ni haki yako. Lakini kwanza kula, kisha tembea, na ukikusudia jambo juu ya mwili wako mwambie mtu mmoja kwa sauti. Mwili wa mama anayenyonyesha una wenyewe wawili, na mmoja hajui kusema. Mtazameni yeye. Yeye akiongezeka, ninyi mnaweza kwenda popote mnapokwenda.

Nilikuwa na neno lingine. Lakini mnamwona yule anayekuja katikati ya mabenchi, anayemvuta huyu kikwembe na kumkanyaga yule mguu? Ana mwaka mmoja na nusu, na anatembea kama shefu mkuu wa stesheni. Mwacheni apite, mama. Hajaja kusikiliza. Amekuja kwa maziwa yake, nayo yapo. Ninakaa.