Kufuli Alilolifungua Mbele ya Askari

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mwenye sufuria jikoni apunguze moto aje akae. Leo namzungumzia mtu mmoja tu, na sitaki mmsikie nusu nusu.

Tunamkumbuka Fundi Hodi, fundi wa makufuli. Amefariki akiwa na miaka hamsini na tatu, kwa ugonjwa wa mapafu, gerezani. Kwa mliochelewa kufungua redio, narudia: gerezani.

Jina la Hodi alipewa na wateja. Wewe umejifungia nje, umesimama naye mlangoni, ndani hakuna hata mende, yeye bado anabisha. "Hodi wenyewe!" Halafu anasubiri ajibiwe! Mama yake anasema hata mlango wa jikoni kwao, ambao hauna komeo, alikuwa anaubishia.

Alikuwa na sharti lake la kazi. Hafungui mlango mpaka mwenye nyumba asimame pale pale aangalie, pamoja na shahidi mmoja, jirani au hata mpita njia. Na akifungua, anasema kwa sauti kila anachofanya. "Sasa naingiza waya. Sasa nasukuma pini ya kwanza. Umeona?" Dada yake, karani wa shule, ananiambia: "Kaka alikuwa anasema fundi wa makufuli akifanya kazi kimyakimya, watu wana haki ya kumwogopa." Miaka ishirini na sita alifanya kazi hivyo, na hakuna aliyewahi kumnyooshea kidole.

Basi, Jumatatu moja asubuhi, ghala la duka la dawa la mtaani kwake likakutwa tupu. Mlango ulikuwa mzima. Kufuli nalo zima, limefunguliwa tu. Saa nne, askari wawili wakafika kibandani kwake. Hawakumwambia amekamatwa. Walimwambia, "Fundi, njoo utusaidie kidogo kituoni." Naye alikuwa mtu wa watu, angekataaje? Akafuta mikono, akafunga kibanda, akawafuata. Miwani yake ya kusomea ikabaki juu ya meza ya kazi.

Kituoni wakamwekea kufuli mezani. Wakamuuliza kama mtu anaweza kulifungua bila ufunguo. Fundi akacheka. Baadaye alimwambia dada yake, "Lile kufuli lilikuwa aibu tupu. Ningenyamazaje?" Akaomba waya. Akamwita na askari wa mlangoni aje aone, awe shahidi. Sharti lake lile lile! Kisha akaanza. "Sasa naingiza waya. Sasa nasukuma pini." Mmoja akiandika, mwingine akihesabu sekunde kwenye simu. Kufuli likafunguka kwa sekunde kumi na moja. Wakampigia makofi, jamani. Na yeye akafurahi.

Saa sita dada yake akafika na wakili, mama mmoja anayetetea watu bila malipo. Wakagombana na askari wa kaunta mpaka fundi akatolewa nje kwenye korido. Wakili akamwambia, "Kaka, kuanzia sasa taja jina lako tu. Una haki ya kunyamaza. Chochote kingine, nikiwepo mimi."

Fundi akamjibu, "Mama, wakili ni wa mwenye kosa. Mimi nikinyamaza watasema naficha." Akageuka, akarudi ndani kwa miguu yake mwenyewe. "Alinigusa begani," dada yake anasema, "kama vile mimi ndiye niliye na shida."

Alasiri wakampa kurasa nne asaini. Bila miwani haoni hata namba ya simu. Askari akamsomea alichotaka kumsomea. Fundi akasaini zote nne. Juu ya ukurasa wa kwanza paliandikwa kwamba ameelezwa haki zake, na kwamba anakiri kwa hiari. Hakuna aliyemweleza haki yoyote isipokuwa yule wakili kwenye korido.

Mahakamani zikasomwa. "Niliingiza waya, nikasukuma pini, kufuli likafunguka." Maneno yake kweli. Ila hapakuandikwa popote kwamba kufuli lilikuwa juu ya meza ya polisi. Kwake hawakukuta hata kidonge kimoja. Hukumu ikawa miaka saba. Narudia, miaka saba.

Wakili akakata rufaa kuhusu karatasi zile. Faili likapotea mwaka mzima. Likapatikana, likakosa mwenendo wa kesi, yaani maandishi ya yote yaliyosemwa mahakamani. Mama alikuwa anamtembelea mwanawe kila mwezi, na kila mwezi kifua kilikuwa kibaya zaidi. Siku moja akamwambia, "Mama, humu makufuli siyagusi hata kwa macho. Nikipita mlangoni naweka mikono kichwani." Alikuwa ameacha kuongea ovyo. Mwishowe akaacha kuongea kabisa, anasema mama, na hakuna aliyekuwa na swali la kumuuliza tena.

Mwaka wa tatu tarehe ya rufaa ikatoka. Fundi akafa siku kumi na tisa kabla yake.

Dada yake alikwenda hivyo hivyo mahakamani. Ilichukua dakika mbili. Mrufani amefariki, rufaa imekoma, faili lifungwe. Dada akasimama akauliza, "Na jina lake?" Karani wa mahakama akamtoa nje taratibu, akamwambia, "Dada yangu, marehemu hana kesi." Maana yake, wasikilizaji wapendwa, hukumu imebaki. Kwenye vitabu Fundi Hodi ni mwizi, na hakuna mlango mwingine wa kubisha.

Na mimi nina langu. Kesho yake baada ya kukamatwa, redio hii ilisoma habari: "Mwizi wa makufuli anaswa." Hatukusema mtuhumiwa. Tulisema mwizi. Sauti iliyosoma ndiyo hii mnayoisikia. Nakumbuka niliona kichwa cha habari kinachekesha. Mama yake aliisikia akiwa anakunja nguo.

Kwa mama, kwa dada, na kwa wote waliompenda, poleni sana. Na wewe unayenisikiliza, ukiitwa "kusaidia kidogo," uliza kwanza kama umekamatwa, na kwa kosa gani. Taja jina lako, omba wakili, halafu funga mdomo hata kama huna hatia. Hasa kama huna hatia! Usisaini usichokisoma. Nayasema haya na sina hakika yangemwokoa, lakini nayasema.

Jana mama alinipigia. "Mwanangu, wewe ulisema aliiba. Kesho sema hakuiba. Sitaki kingine." Nikampelekea mwanasheria wetu ombi hilo. Akanijibu kwamba hukumu bado imesimama, na redio hairuhusiwi kuipinga hewani. Akanipa karatasi ya kuahidi kwamba sitalisema neno hilo. Niliisoma yote, mara mbili, nikaisaini.

Mama, najua umekaa karibu na redio. Nisamehe. Silisemi.