Bi. Saida Uthman na Chupa Namba Saba

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Bi. Saida Uthman, fundi sanifu mkuu wa maabara yetu ya kemia hapa Ruiru, anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025.

Aliajiriwa mwaka 1994 kuosha vyombo vya vioo, akitokea nyumbani kwake Landless, Thika. Diploma aliisomea jioni huku akilea watoto wawili. Sheria yake ya kwanza tunaijua sote: chakula hakiingii maabarani. Profesa mmoja mgeni alinyang'anywa mandazi mlangoni, akarudishiwa alipotoka, yamefungwa vizuri na jina lake limeandikwa juu.

Jambo ambalo ningependa wageni wetu walijue lilitokea mwaka 2019. Dkt. Gichuru, mkuu wa maabara, alikuwa akimsimamia Nyawira, mwanafunzi wa uzamili kutoka Kiuu, katika utafiti wa titani dioksidi. Hii ni poda nyeupe, ileile inayotiwa kwenye rangi za ukuta. Ukiichanganya na kostiki soda kali, ukaifungia ndani ya chombo cha chuma na kuiweka kwenye oveni ya nyuzi 150 kwa saa ishirini na nne, inaweza kugeuka mirija myembamba kuliko unywele mara elfu kadhaa. Mirija hiyo ikipigwa na jua huvunja rangi za nguo zilizochafua maji.

Kati ya sampuli zetu, poda ya chupa namba saba ilisafisha maji kwa dakika arobaini. Tulishangilia. Ripoti ikatumwa kwa waandaaji wa kongamano la kisayansi.

Siku tatu baadaye, Bi. Saida akijaza daftari la sampuli, aliona kwamba tarehe ya namba saba ilikuwa siku ambayo umeme ulipotea kuanzia asubuhi hadi jioni. Oveni haikuwaka. Kwa hiyo chupa ile haikuwa na mirija bali poda ya kununua, tuliyoiweka kwa ajili ya kulinganisha, na lebo aliibandika yeye mwenyewe kimakosa. Hakuna mwingine aliyejua.

Alikwenda ofisini kwa Dkt. Gichuru. Nilikuwepo.

"Daktari, namba saba si yetu. Ni ile poda ya kununua. Lebo niliweka mimi."

"Saida, unajua tumeshatuma ripoti?"

"Najua. Ndio maana nimekuja leo, sio baada ya kongamano."

Dkt. Gichuru akaandika barua ya kuiondoa ripoti. Nyawira alilia, na wiki nzima hakumsalimia Bi. Saida. Yeye hakujitetea. Aliendelea kumwandalia vyombo kila asubuhi.

Wakaanza upya. Majaribio manane yakatoa chembe za kawaida tu, si mirija, hata Nyawira akataka kubadilisha mada.

"Ngoja kwanza," Bi. Saida akamwambia. "Mimi nimeosha vitu hapa miaka ishirini na tano. Nadhani tunaosha vibaya."

Akaichukua poda iliyotoka kwenye oveni, akaiosha kwa asidi hafifu, halafu kwa maji safi, akipima kwa karatasi ya litmasi kila mara kuona kama soda imeisha, siku mbili mfululizo.

Picha za hadubini zilipofika kutoka Nairobi, Nyawira alipiga kelele: "Ngai! Bi. Saida, kuja uone!" Mirija ilijaa picha nzima, kama tambi zilizomwagika. Ilisafisha maji kwa saa moja na robo, polepole kuliko poda ya kununua, na ndivyo walivyoandika. Nyawira alihitimu mwaka 2021.

Sasa Bi. Saida anahamia Theta, kwenye shamba ambalo yeye na mumewe, Bw. Salehe, wamepanda maparachichi. Funguo anamwachia Bw. Kyalo, aliyefundishwa naye miaka sita na ambaye hadi leo hukaguliwa mikono kabla ya kushika chombo.

Bi. Saida, umetufundisha kazi na umetuvumilia. Asante sana. Tunakuombea afya njema, mvua za wakati wake, na usingizi usiokatizwa na kengele ya oveni.