Papa Bonaventure na Picha ya Nyuma ya Mwezi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Papa Bonaventure Itangishaka anastaafu kutoka kituo chetu cha antena hapa mlimani Ijumaa hii, tarehe 28 Agosti. Ofisi ilikuwa imepanga tumuage tarehe 14. Alikataa kwa upole, na upole wake tunaujua: hakuna anayeushinda.

Alianza katika fonia, ile redio ya kupigiana simu kati ya miji. Watu wa Luvungi na wa Kalemie waliposhindwa kusikilizana, yeye alikaa katikati, akasikiliza huku na kurudia kule: nani amejifungua, nani amefika salama. Ndiyo maana ilipokuja setilaiti yetu ndogo, yenye ukubwa wa kidumu cha mawese, ya kuzunguka mwezi na kutupitishia habari za chombo kilichotua upande wa nyuma, alicheka akasema ni fonia ileile. Kisha akaanguka mtihani wa kwanza wa kuiendesha, akatununulia mandazi sisi tuliofaulu.

Tutakumbuka pia ndagala, dagaa wa ziwa letu. Siku moja mawimbi yalififia. Tulipopanda kwenye antena tulikuta sahani yake ya wavu imeanikwa ndagala, na kunguru wako mezani. Mwenye mali alikuwa jirani yetu wa Nyamianda, Mama Émérance. Mimi nilitaka polisi waitwe. Papa Bonaventure alimsaidia kukusanya ndagala wake, akamkatia wavu wa antena kuukuu atengeneze chanja nyumbani kwake.

Miezi michache baadaye mvua ya mchana iliangusha nguzo ya umeme, na jenereta ikagoma. Jioni ileile chombo kule nyuma ya mwezi kilikuwa kinaingia gizani, betri yake imebakiwa na nguvu ya kutuma picha moja tu. Setilaiti ingeipokea na kuturushia papo hapo. Tusipokuwa tayari ingepotea, pamoja na jasho letu la miaka miwili.

Papa Bonaventure alitazama mwezi ukichomoza mzima upande wa Burundi, akatabasamu. Mwezi ukiwa mkubwa, ndagala hawafuati taa, na wavuvi hubaki nyumbani na betri za taa zao. Akashuka mbio kwa Mama Émérance, ambaye mume wake na mashemeji ni wavuvi wa taa. Punde pikipiki zikapanda mlima zimebeba betri, na Mama mwenyewe juu ya ile ya kwanza.

“Mwezi iko inatunyima samaki,” alisema, “basi leo itupatie hata picha.”

Tukaunganisha betri, na mwezi ukatupatia: mawe, vumbi, na kivuli cha chombo chenyewe. Tulilia wote. Nakala moja iko ukutani kituoni, nyingine juu ya meza ya ndagala ya Mama Émérance sokoni.

Papa, asante kwa kutufundisha kazi na ujirani. Nenda shambani kwako Lubarika kwa amani, mpunga wako uzae, na afya isikupungukie.

Na ile tarehe tumeielewa. Tarehe 14, usiku wa giza, mitumbwi yote ingekuwa ziwani. Ijumaa mwezi ni mzima, wavuvi wamepumzika, na viti vya mbele ni vyao.

Laurette, kwa niaba ya wenzako kituoni