Mbuzi wa Matanga ya Baba

Bwana asifiwe sana, ndugu zangu! Na ninyi majirani mlioitikia mwaliko mkaketi benchi la nyuma, asalaam alaykum. Nasikia wengine wanakohoa. Koheni tu, mimi naendelea.

Mimi ni fundi cherehani pale Mwanga. Shule yangu iliishia darasa la saba, ila ndoto hazikuishia huko. Niliota kuimba mpaka ng'ambo ya ziwa wanisikie! Nilipookoka niliwaka moto. Niliwaka, ndugu zangu, mpaka nikaunguza watu.

Kwetu Buzebazeba tulizaliwa tukaikuta desturi. Iwe msiba, iwe Krismasi, mnyama anachinjwa na Mzee Shabani, jirani yetu Mwislamu, ili sufuria iwe moja na kila mtu ale. Baba yangu ndiye aliyekuwa akimshikia mnyama.

"Kisu chako butu, Shabani."

"Butu ni meno yako. Wewe shika miguu!"

Baba akafariki. Siku ya kuanua matanga nikasimama katikati ya ua, nikapaza sauti yangu ya kwaya: "Nyumba hii imeokoka! Mbuzi wa baba hachinjwi na asiyemjua Yesu!" Mama akanivuta gauni. Nikautoa mkono wake. Kisu nikampa ndugu mmoja wa kanisani.

Mzee Shabani alikuwa ameshakunja mikono ya kanzu. Akaikunjua taratibu, mmoja, halafu wa pili. Na huyo ndiye aliyechimba kaburi la baba!

Majirani Waislamu hawakuondoka. Walikaa na njaa yao mpaka mwisho, kwa heshima ya marehemu. Mama Shabani, mke wa mzee, ndiye pekee aliyenirushia maneno: "Ziwa lote hilo, mmekosa hata migebuka? Samaki haulizwi dini!" Wanawake wakacheka, kicheko cha kukata. Nyama ikabaki, tukawapa mbwa. Mimi nikauita ushindi.

Hodi zikakoma. Mama akawa anakula matonge mawili anaacha, anautazama ukuta wa jirani. Siku moja akaniambia, "Baba yako umemzika mara mbili." Basi. Nilikwenda kuomba, na kila nikifumba macho naiona ile mikono ya kanzu ikikunjuliwa. Nililia, ndugu zangu! Nikamwambia Yesu aniondolee hiki kiburi nilichokuwa nakiita imani.

Nikanunua jogoo, nikaenda kumwomba Mzee Shabani anichinjie. Nikamkuta kwenye mkeka, mkono wa kulia umelala. Kiharusi. Miezi minne, ukuta mmoja tu kati yetu, nami sikujua!

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akamtazama jogoo. "Umechelewa, mwanangu. Kisu kimestaafu."

Nikapiga magoti, nikamwomba anisamehe.

"Nilikusamehe siku ileile, kwa ajili ya baba yako. Ila iliuma. Bado inauma."

Mama Shabani akaweka chini ugali na mgebuka. "Haya, mlokole. Utakula, au tumsubiri samaki naye aokoke?"

Nikanawa. Nikamchambulia mzee miiba, mmoja mmoja, nikamlisha kwa mkono wangu. Mkono uliotulisha sisi wote ulikuwa umelala pembeni yake kama kitu cha mtu mwingine. Jogoo akawika mlangoni, wala hakuna aliyecheka.

Sasa vijana wa kanisa na wa msikiti tunapika pamoja kwenye misiba, sufuria moja. Kwa ajili hiyo, wazee wangu wa kanisa, mmenisimamisha kuimba kwaya. Inaniuma, sitawaficha. Bado naota kuimba!

Lakini namshukuru Yesu. Alinifungua, ingawa alinifungua nikiwa nimechelewa. Ndugu yangu, mtumaini leo, kabla jirani yako hajalala upande mmoja. Mchana huu ni zamu yangu kumlisha Mzee Shabani. Nimepika migebuka ya kutosha. Anayetaka aje, anawe mikono.