Sufuria ya Kuazima Mteremkoni

BIBI: [kijiko kinagonga kikombe] Haloo? Nani huyo, hata jogoo hajakohoa?

MJUKUU: Ni mimi, Bibi. Shikamoo.

BIBI: Marahaba, mume wangu! Umeshafika kazini?

MJUKUU: Niko katikati ya mteremko. Baiskeli inatoa moshi.

BIBI: Moshi? Kwani inakula kuni?

MJUKUU: Breki, Bibi. Vile visahani vya chuma kwenye magurudumu vimepata moto. Nabana mpaka mwisho, baiskeli inaendelea na safari zake.

BIBI: Na wewe?

MJUKUU: Nimejitupa kwenye majani. Mzima. Nimeungua kidole tu, nilikigusa kisahani—

BIBI: Muuguzi! Siku ya kwanza kazini, na mgonjwa wa kwanza ni wewe!

MJUKUU: Zamu inaanza saa moja, Bibi. Nikitembea, geti litafungwa nikiwa nje.

BIBI: Si nilikuambia usiachie breki hata kidogo?

MJUKUU: Sikuachia! Tangu mlangoni kwako nimebana tu. Fundi alisema bana, achia, bana, achia, chuma kipumue.

BIBI: Fundi huyo hana bibi.

MJUKUU: Halafu na huu mzigo... Kikapu mbona kizito hivi?

BIBI: Haloo? Mtandao huu jamani...

MJUKUU: Bibi. Nilisikia mfuniko ukigonga jikoni kabla sijatoka kitandani.

BIBI: Ni kaboga tu.

MJUKUU: Kaboga! Kama kichwa cha ng'ombe! Na chini yake sufuria ya chuma! ...Ngoja, nina maji ya kunywa, nivimwagie hivi visahani—

BIBI: Wee! Chuma cha moto unakimwagia maji baridi? Kitapinda! Acha vipoe vyenyewe. Kaa. Hayo maji kunywa wewe.

MJUKUU: [upepo, anakunywa] Salio nalo linapoa, Bibi.

BIBI: Lipoe. Kidole kinauma?

MJUKUU: Kidogo.

BIBI: Pole, baba. [anakoroga chai taratibu, muda unapita] Jaribu sasa.

MJUKUU: Nabana... Imeshika! Bibi, imeshika!

BIBI: Alhamdu— haya, shuka. Fuata alivyosema fundi. Na mzigo punguza.

MJUKUU: Kuna mama hapa anafagia uwanja wake, ndiye aliyeniinulia baiskeli. Nitamwachia vyote viwili—

BIBI: Boga mpe, Mungu ambariki. Sufuria usiiache.

MJUKUU: Lakini ndiyo nzito zaidi!

BIBI: Usiiache, nimesema.

MJUKUU: Kwa nini?

BIBI: Boga nilikupa. Sufuria nimekuazima.

MJUKUU: ...Kumbe.

BIBI: Kumbe nini? Mimi sijasema kitu.

MJUKUU: [anacheka] Naifunga vizuri, Bibi. Kwa kamba mbili. Haya, salio linakata, kwahe—

BIBI: Bana, achia! Umesikia? Na uje tena, mume wangu. Hata ukiipoteza hiyo sufuria, wewe uje—